Wanaoshika Pingu Iliyovunjika

Nchi ya Ushikizi usiitafute katika ramani za shule, wala usimlaumu mwalimu wako wa jiografia kwa kukunyima habari zake. Watu wengi wamefika huko, wengine wamezeekea huko, na hakuna hata mmoja anayekumbuka alivukaje mpaka. Mzee Eliamani naye alifika hivyohivyo. Alikuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa milimani huko Upare, fundi wa milango, mtu mwema, na mdadisi kupita kiasi. Mkewe, Nakijwa, alizoea kusema kwamba mumewe akienda msibani atauliza kwanza jeneza ni la mti gani.

Lakini kulikuwa na swali moja ambalo mdadisi huyu hakuwahi kulipatia jibu. Kila ulipofanyika mkutano wa injili, mhubiri alipowaita wanaotaka kuokoka, Eliamani alikuwa wa kwanza kwenda mbele. Akirudi nyumbani Nakijwa humwuliza, "Baba, leo umeokoka tena?" Naye hucheka, ila kicheko chenyewe hakifiki moyoni. Aliogopa kufa, kwa sababu hakujua akifa itakuwaje.

Langoni mwa Ushikizi alikaa ofisa mwenye koti la kijivu. Hakutaka cheti wala hakupekua mzigo. Aliuliza jambo moja tu.

"Mgeni, umefunguliwa?"

Eliamani akajibu kama wanavyojibu waungwana wa kwao. "Natumaini hivyo. Nani awezaye kusema kwa hakika?"

Ofisa akafurahi mno. "Jibu zuri! Karibu, jisikie uko nyumbani." Akachomoa kutoka kwenye pipa pingu moja ya chuma, yenye kutu, iliyokatika vipande viwili. Akaivisha kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa mgeni, kisha akauchukua mkono wake wa kulia na kuufumbata juu ya pingu ile. "Shikilia hapo hapo. Ukiachia itaanguka."

"Na ikianguka?"

Ofisa alimtazama kama mtu aliyeulizwa itakuwaje jua likikataa kuchomoza. "Kwa nini ianguke, na wewe umeishika?"

Eliamani akaingia mjini. Huko akakuta watu wote, wake kwa waume, wamefumbata kifundo cha mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kila mmoja ameshika pingu yake iliyovunjika isije ikadondoka. Vilivyobaki huru ni vidole vya kushoto peke yake. Kwa hiyo Washikizi wanasalimiana kwa viwiko. Mmoja husema, "Bado unashika?" na mwenzake hujibu, "Nashika, kwa shida," na kadiri shida inavyosikika katika sauti ndivyo heshima inavyozidi. Milango yao haina komeo. Husukumwa kwa bega, jambo lililomsikitisha sana fundi wetu. Hawatwangi, kwa maana hakuna wa kushika mchi, na mahindi huliwa mazimamazima. Katika ibada hawapigi makofi, hutikisa vichwa. Na chakula, msomaji wangu, wanakula kwa mkono wa kushoto, tena mbele ya wakwe! Eliamani aligeuza uso akajifanya anakohoa.

Wako Wakaguzi wa Unyenyekevu wanaozunguka sokoni kutazama mikono ya watu. Wako pia wasomi. Mkubwa wao ni Mwalimu Klementi, aliyetumia maisha yake yote kuthibitisha kwamba pingu yafaa ishikwe kwa juu, kidole gumba kikitazama mbinguni. Wapinzani wake hushika kwa chini. Washika-juu na washika-chini hawaoleani wala hawazikani.

Eliamani alipokewa na kijana mmoja aitwaye Yusto, mwenye mke, Priska, na mtoto wao mdogo, Amosi, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Kumfunga Amosi mgongoni kwa kanga ilikuwa kazi ya nyumba nzima: Yusto anavuta pindo moja kwa meno, Priska pindo la pili kwa vidole vya kushoto, na jirani anaitwa kukaza fundo.

"Ndugu yangu," Eliamani akauliza walipokuwa wakila, "hizi pingu nani alizivunja?"

Uso wa Yusto ukang'aa. "Mwana wa Mfalme! Hujasikia, mzee? Zamani nchi hii yote ilikuwa ya Dhalimu. Yeye ndiye aliyetufunga. Mwana wa Mfalme akashuka, akanyoosha mikono yake mwenyewe, akasema, nifunge mimi badala yao. Dhalimu akamvisha pingu zetu zote, naye Mwana akafa chini ya uzito wa pingu hizo. Lakini kaburi halikumweza. Alfajiri moja alitoka, na alipotoka, kila pingu ya nchi hii ikakatika. Tangazo lake limechongwa pale uwanjani. Tunalisoma kwa machozi kila mwaka."

"Linasemaje?"

"'Mmefunguliwa. Basi enendeni kama watu huru.'"

"Na mkishalisoma?"

"Tunarudi nyumbani."

"Mmeshika pingu?"

"Mzee," Yusto akasema kwa upole, kama anayemfundisha mtoto, "mimi ni nani hata niseme kwamba tangazo kubwa namna hiyo linanihusu? Hicho si kiburi?"

Maneno hayo Eliamani aliyajua vizuri. Ni yake mwenyewe, ila sasa aliyasikia kutoka katika kinywa cha mtu mwingine, nayo hayakuwa matamu kama alivyodhani.

Hapo ngoma ikalia kutoka ng'ambo ya korongo. Yusto aliacha tonge njiani. Mtaa mzima ukatoka, vichwa vimeinama, wakaelekea korongoni.

"Ngoma ya nani hiyo?"

"Ya Dhalimu. Anatuita tukambebee mawe."

"Kwani hakushindwa?"

"Alishindwa kabisa! Hata kuvuka korongo hawezi."

"Sasa mnakwenda kufanya nini?"

Yusto akamwinulia mkono wenye pingu. "Mzee, mtu aliye hivi atakataaje?"

Kwetu wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ushikizi hawangoji siku ya tatu, na badala ya jembe Eliamani alipewa jiwe. Mawe ya Dhalimu hubebwa kichwani, kwa hiyo mikono haihitajiki. Hutolewa upande huu wa shamba yakapelekwa upande ule, na ngoma ikilia tena hurudishwa. Kazi ikiisha kuna kibuyu cha pombe kinachozungushwa, na masengenyo ya kukishushia. Eliamani alikunywa. Alimsengenya hata mchungaji wake, mtu asiyejulikana na yeyote pale. Kilichomshangaza ni wepesi wa jambo lenyewe. Moyo ulipomsuta aliutazama mkono wake uliofungwa akasema, ningefanyaje? Naye akaona aibu, kwa sababu alijua hakuna aliyemlazimisha.

Ni desturi ya Washikizi kutomtazama Dhalimu. Hupita mbele yake wameinamisha vichwa. Lakini kumwambia Eliamani asitazame ni kumwambia mbuzi asile majani. Wenzake walipotangulia, alibaki nyuma akainua macho. Akaona kizee kimekaa kwenye kigoda, jino moja mdomoni, ngoma katikati ya magoti. Mguuni alikuwa na mnyororo mzima, mpya kabisa, uliofungwa kwenye nguzo ya mawe. Hakuna aliyekuwa ameushika. Ulijishika wenyewe.

"Umeona," Dhalimu akasema. "Usiwaambie."

"Wasipokuja utawafanya nini?"

"Nitapiga tena."

"Na wasipokuja tena?"

Kizee kikaacha kutabasamu. "Hilo hawajawahi kulijaribu," kikasema.

Eliamani alirudi mbio, akayasimulia yote jikoni kwa Yusto. Yusto alitazama mlangoni kwanza. "Mzee, hayo ni mafundisho mazito. Usiyaseme mbele za watu, wataanguka." Priska alikuwa akikoroga uji, lakini mwiko ulikuwa umesimama.

"Una hakika umeuona mnyororo?" hatimaye akauliza.

"Kwa macho haya mawili, mama."

Walipokuwa bado wanatazamana, Amosi akatambaa hadi mekoni, akashika ukingo wa chungu. Chungu kikayumba kwenye mafiga. Yusto akapiga kelele, akajitupa kwa bega, asifike. Priska akaachia. Pingu ikaruka huku, yeye akaruka kule, akamnyakua mtoto kwa mikono miwili, na uji wote ukamwagika pale alipokuwa Amosi.

Kwa kitambo kulisikika moto tu ukizimika kwa uji. Priska alisimama na mtoto kifuani, mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni. Alimpandisha kidogo, akamshusha, kama anayepima.

"Kumbe ana uzito huu," akasema, na machozi yakamtoka.

"Priska!" Yusto alikuwa amepiga magoti majivuni, anaipapasa pingu kwa vidole vya kushoto. "Pingu! Ishike upesi kabla hawajaona!"

"Nitaishikaje, na mikono imejaa?"

"Muweke mtoto chini!"

"Ngoja kwanza," akasema Priska. Alimbana mtoto zaidi. "Ngoja kwanza, baba Amosi."

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa mlangoni, na mmoja alikuwa mbioni kwa Wakaguzi. Habari mbaya ina miguu.

Kesho yake Baraza la Unyenyekevu liliketi. Mwenyekiti alikuwa Mkaguzi Mkuu Baltazari, mzee mnyofu, aliyeshika pingu yake miaka mingi kuliko mtu yeyote aliye hai, na ambaye watoto wote wa nchi walifundishwa kumwiga. Sheria ilisomwa. Aliyeachia pingu na asiiokote ana kiburi. Mwenye kiburi ataishi ng'ambo kwa Dhalimu. Na mtoto wake atalelewa na mnyenyekevu. Priska aliposikia maneno ya mwisho alimkaza mtoto kifuani.

Mjumbe mmoja mwenye huruma alipendekeza pingu yake ichomelewe na mhunzi, isiweze kuanguka tena. Mwalimu Klementi akasimama kwa hasira. "Ikichomelewa, hatahitaji kuishika! Mkono wa kulia utakuwa huru! Kesho watu wote watataka kuchomelewa!" Baraza likaguna kwa hofu. Wakajadiliana pia kama kosa lingekuwa dogo endapo angekuwa wa washika-chini, na hapo kidogo wapigane viwiko.

Baltazari akamgeukia mgeni. "Mzee, wewe ulikuwapo. Aliachia kwa kiburi?"

"Mheshimiwa, aliachia kwa sababu mtoto alikuwa karibu kuungua."

"Lakini baadaye alikataa kuiokota."

"Alikuwa bado amembeba mtoto." Eliamani alisita, kisha udadisi ukamshinda kama kawaida. "Naomba na mimi niulize. Lile tangazo la uwanjani ni la kweli au la uongo?"

"La kweli tupu!" wote wakajibu, na wengine wakaanza kulia.

"Basi anayesema hana hakika kama amefunguliwa, anamnyenyekea nani?"

Baltazari hakukasirika. Alifikiri kwa uaminifu, uso wake ukiwa na uchovu wa mtu aliyebeba kitu siku nyingi. "Mgeni, mimi si mjinga. Nimeliwaza hilo. Lakini tukiwaambia watu kwa hakika kwamba wako huru, nani atabaki mwema? Pingu ndiyo inayowazuia."

"Inatuzuia nini, baba?" Priska akauliza. Hakuinua sauti. "Kila siku ngoma inalia na tunakwenda. Tunakunywa, tunasengenya, tunarudi tunasema tungefanyaje, sisi tumefungwa. Mimi nimekwenda tangu usichana wangu. Pingu haijanizuia kwenda. Ilinizuia kumbeba mwanangu. Na huku kusema 'sina hakika', baba yangu, mnisamehe, ni kumwita Mwana wa Mfalme mwongo, ila kwa sauti ya adabu."

Baraza likachafuka. Klementi alipiga sakafu kwa mguu. Baltazari akasimama, akasubiri kimya kirudi, akasema kwa huzuni ya kweli, "Basi sina njia. Baraza linaamuru mwanamke huyu arudishwe kwa Dha—"

Ngoma ikalia.

Baltazari hakumaliza neno. Aligeuka, akainamisha kichwa, akatoka. Klementi akamfuata, kisha wajumbe, kisha washitaki na walinzi, hata yule mwenye huruma, kila mmoja na pingu yake. Ukumbi ukapwaya. Eliamani alishtuka kukuta yeye mwenyewe amekwisha kusimama, na mguu mmoja umeanza safari.

"Kaa, baba," Priska akamwambia. "Wewe ndiye uliyeuona mnyororo."

Akakaa. Ngoma ikalia mara ya pili, kwa ukali. Alikuwa na hofu, nami sitamsetiri. Akajitazama mkono. Huyu mtu aliyekwenda mbele kila mkutano, akitafuta tena na tena kile alichokwisha kupewa, alikuwa ameshika chuma kilichokufa na kukiita imani. Akamwambia Mwana wa Mfalme, kimoyomoyo, wewe umesema, akafumbua vidole. Pingu ikaanguka chini ya benchi. Alingoja radi, au sauti, au dunia ipinduke. Kilichokuja ni damu tu, ikirudi mkononi kwa kuwashawasha.

Yusto alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, anatazama vumbi la wenzake.

"Priska, atakuja kutuchukua."

"Amefungwa mguu, mume wangu. Umeambiwa."

"Na kama mgeni amekosea?"

"Basi aje anikute hapa na mtoto. Njoo umpokee, mikono imeniuma."

Yusto akasogea, akanyoosha kiwiko kama alivyozoea. Priska akatikisa kichwa. "Hivyo ataanguka." Ngoma ikalia tena. Yusto akaitazama mikono ya mkewe; kisha chuma kikagonga sakafu, na mikono miwili isiyojua kazi hiyo ikajikunja vibaya vibaya kuzunguka mtoto. Amosi akamshika pua. Yusto akaangua kilio hadi mtoto naye akalia.

Wajumbe walirudi jioni, vumbi vichwani, wakinuka pombe, hawatazamani. Baltazari akaenda kwenye kiti chake, akajaribu kukumbuka.

"Tulikuwa wapi?"

"Ulikuwa unaamuru nirudishwe kwa Dhalimu," akasema Priska. "Mimi nimekaa hapa, baba. Ninyi ndio mnaotoka kwake."

Mwalimu Klementi akaanza kueleza tofauti kati ya kwenda na kupelekwa, lakini mara hii hakuna aliyemsikiliza. Baltazari alimtazama Yusto, aliyelaliwa na mtoto begani. Akashuka kutoka kitini, akaketi kwenye benchi karibu na Eliamani.

"Hakuja kuwachukua?" akanong'ona.

"Hakuja."

"Alipiga mara ya pili. Nilisikia."

"Akapiga na ya tatu. Kisha akachoka."

Baltazari akaitikia kwa kichwa. Akautazama mkono wake wa kulia uliofumbata ule wa kushoto. Mishipa ya shingo ikamsimama, jasho likamtoka kipajini, na hakuna kilichotokea.

"Nataka kuachia," akasema, na watu wote wakamsikia. "Nataka. Vidole havinisikii."

Eliamani akapiga magoti mbele yake. Vilikuwa vimekauka, vimejipinda kama mizizi. Alianza na kidole kidogo, akakikanda taratibu hadi kikanyooka, akaenda cha pili. Mzee alikuwa akihema kwa maumivu. Kidole gumba kilikuwa cha mwisho na kigumu kuliko vyote, nacho kilipolegea, vipande viwili vya kutu vilianguka juu ya magoti yao, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

Baltazari aliinua mikono yake, mmoja huku na mwingine huku. Kiganja cha kulia kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga. Alikigeuza, akakigeuza tena.

"Umenifungua, mwanangu," akasema.

"Hapana, baba," Eliamani akasema. "Mimi nimekunyoosha vidole tu. Pingu ilikwisha kuvunjika."